Tawi Kavu Halitoi Habari

Ndugu msomaji, kama una miti yako mwenyewe, hata kama ni michache nyuma ya nyumba, toka nje sasa hivi ukaitazame. Usitazame shina. Shina tunalitazama kila siku kwa sababu ndilo tunalouza. Inua kichwa utazame juu. Utaona matawi yenye majani, na katikati yake utaona mengine meupe au ya kijivu, yasiyo na jani hata moja. Hayo ndiyo ninayotaka tuzungumze leo.

Mimi ni bwana shamba katika vijiji vya Njombe. Nilisomea cheti cha kilimo. Nilifundishwa mahindi, viazi, maharage na mbolea. Miti nilifundishwa kidogo tu, kwa sababu miti ina watu wake, mabwana miti. Lakini huku kwetu ukimfuata mkulima kwenye mahindi yake utafika kwenye miti yake. Karibu kila kaya ina kipande cha misindano, ambayo wengine wanaiita paini, au milingoti, ambayo ndiyo mikaratusi, au miwati. Mtu anasomesha mtoto kwa miti. Mtu anajenga nyumba ya bati kwa miti. Kwa hiyo bwana shamba naye inampasa ajue miti, apende asipende.

Kwanza tuulizane, kwa nini tawi linakauka na mti mwenyewe ni mzima? Mara nyingi sababu ni giza. Jani linatengeneza chakula cha mti kwa mwanga wa jua. Miti ikisongamana, matawi ya chini yanafunikwa na ya juu. Hayapati jua. Tawi lisilopata jua halileti chakula, na mti hauendelei kulilisha. Linakufa. Huo si ugonjwa. Ni kazi ya kawaida ya mti. Lakini ukiona matawi ya juu kabisa yanakauka, penye jua tele, hapo kuna shida nyingine. Inaweza kuwa mizizi, au wadudu, au shina limeoza ndani. Mwite bwana miti aje autazame.

Sasa, miti haifanani. Mlingoti unayaangusha matawi yake makavu wenyewe. Unaweza kuliona tawi juu leo, na kesho ukalikuta chini. Watu husema mlingoti ni mti msafi. Ni kweli ni msafi, lakini hauulizi nani anapita chini wakati unajisafisha. Msindano ni kinyume chake. Unayashika matawi yake makavu kwa miaka mingi, na huku shina linanenepa na kuyameza. Ndipo fundo kavu linapozaliwa ndani ya ubao. Ubao ukikauka, fundo lile linalegea na kuanguka, na mahali pake linabaki tundu. Mnunuzi wa mbao akiona matundu anashusha bei, na wewe huna la kumjibu.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaliamini mpaka wajaribu. Tawi halipandi juu mti unapokua. Tawi lililo usawa wa kifua chako leo litakuwa usawa wa kifua chako baada ya miaka 10. Mti unarefuka kwenye ncha tu, na shina linanenepa. Ukitaka kuhakikisha, pigilia msumari kwenye mti mmoja usiouthamini, upime kutoka chini, kisha upime tena mwakani. Kwa hiyo usiseme, "Nitangoja mti ukue, tawi litakwenda juu." Haliendi popote.

Basi watu wakisikia habari za fundo na bei, wanachukua panga na kupanda juu. Hapo ndipo ninapoogopa.

Katika kijiji kimoja ninachohudumia yuko mtu mwenye umri kama wangu. Sitamtaja jina. Alikuwa mkulima hodari wa viazi. Siku moja, mwezi wa sita, alipanda mlingoti wake kukata tawi moja kavu lililokuwa likielekea bati la jiko. Alikuwa amepanda miti tangu utoto. Alisimama kwenye tawi moja, akashika jingine kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akapiga panga. Tawi alilokuwa akilikata halikumdhuru. Lililomwangusha ni lile alilolishika. Nalo lilikuwa kavu, ila lilikuwa na gome bado, akadhani ni zima.

Mke wake aliniambia kwamba hakusikia kelele ya mtu. Alisikia "ta!", kama kuni ikivunjwa kwenye goti, kisha kishindo.

Alianguka kutoka urefu wa nyumba mbili. Majirani walikuja mbio, na kwa huruma wakamnyanyua, mmoja mabega, mmoja miguu, wakamweka katikati ya watu wawili juu ya pikipiki mpaka zahanati. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Leo anakaa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni kwake. Mke wake analima peke yake. Mtoto wao wa kwanza aliacha masomo mwaka ule ili asaidie nyumbani. Na mlingoti wenyewe uliuzwa kulipia matibabu, tena kwa bei ndogo, kwa sababu mwenye shida hapangi bei.

Nimekaa naye mara nyingi. Yeye ndiye aliyeniambia niandike. Alisema, "Bwana Shamba, waambie tawi bichi lina adabu. Linapinda kwanza, linakwambia shuka. Kavu halitoi habari."

Maneno yake ni ya kweli kabisa, na hata wataalamu wa miti wanasema hivyo hivyo. Mti mbichi una maji na nyuzi ndefu. Ukiuelemea unapinda, unalia, unachanika polepole. Mti uliokauka na kuanza kuoza umepoteza nyuzi zake. Unakatika mara moja, tena mahali usipopategemea. Na gome halikuonyeshi. Tawi linaweza kufa na gome likabaki limeshika mwaka mzima na zaidi.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza, na mimi naliona kubwa kuliko yote, ni hili: fanya kazi ukiwa umesimama chini. Matawi mengi makavu ya msindano yanaweza kukatwa kutoka chini kama umeanza mapema, wakati miti ni michanga na matawi ni membamba kama kidole gumba. Yanayofikiwa na mkono, kata kwa msumeno wa mkono. Yaliyo juu zaidi, funga msumeno wa kupogolea kwenye mwanzi mrefu, mkavu na imara. Funga kwa waya au mpira wa tairi, ukaze vizuri. Huku kwetu mianzi ni mingi, hakuna udhuru.

Ukitumia mwanzi, usisimame chini ya tawi. Simama pembeni, mwanzi ukiwa umelala kidogo. Tawi likianguka litakuta mahali patupu. Nimeona vijana wanaosimama chini kabisa, wanatazama juu midomo wazi, unga wa msumeno unawaingia machoni. Anayefumba macho hataliona tawi likija. Ukipata kofia ngumu ya mafundi wa ujenzi, vaa. Haizuii tawi kubwa, lakini vipande vidogo ni vingi kuliko vikubwa.

Usiende peke yako. Mmoja anakata, mwenzake anatazama juu na kuangalia njia. Huyo wa pili asiwe mtoto. Watoto na mbuzi waondoke kabisa, maana wote wawili hawasikii.

Na ulanzi je? Najua, ndugu msomaji, kwamba nikigusa ulanzi nitaambiwa bwana shamba ametoka wapi. Mimi siukatazi. Masika yakifika ulanzi ni mwingi, na ni kinywaji cha wazee wetu. Lakini unywe jioni, kazi ya miti ikiwa imekwisha. Aliyekunywa asishike msumeno, hata kama amesimama chini. Tena masika si wakati mzuri wa kazi hii. Mashina yana maji, yanateleza, na matawi yamelowa na kuwa mazito. Mimi napendelea mvua zikiisha, kuanzia mwezi wa tano na wa sita, asubuhi, kabla upepo haujaanza. Kukiwa na upepo, acha. Rudi nyumbani ukanoe msumeno.

Sasa nieleze namna ya kukata. Panga halifai. Panga linahitaji kurushwa, na anayerusha mkono anahama mwili. Tena linachana gome na kuacha kipande kama kigingi. Kigingi hicho mti utakimeza, nalo ndilo fundo kavu tulilolikimbia. Tumia msumeno.

Tawi jembamba unalikata mara moja tu, likaanguka. Tawi nene kama mkono wako linahitaji kukatwa mara tatu. Kwanza, pima kama sentimita 30 kutoka kwenye shina. Hapo ukate kutoka chini kwenda juu, mpaka upite karibu theluthi moja ya unene. Pili, sogea nje kidogo, vidole viwili au vitatu, ukate kutoka juu kwenda chini. Tawi litavunjika na kuanguka, wala halitachana gome la shina, kwa sababu ulishakata chini yake. Kama ni kavu sana linaweza kuanguka kabla hujamaliza, basi uwe tayari. Tatu, ondoa kile kipande kifupi kilichobaki.

Hapo kwenye kipande kifupi ndipo penye siri. Tazama mahali tawi linapotoka kwenye shina. Utaona uvimbe, kama kola ya shati inavyozunguka shingo. Uvimbe ule ni mali ya shina, si mali ya tawi. Kwenye tawi lililokufa zamani utauona umejitokeza, umelizunguka tawi kavu kama midomo. Kata nje ya uvimbe huo, karibu nao, wala usiuguse. Zamani wakulima walifundishwa kukata sawasawa na shina, laini kabisa, kisha wapake lami au rangi. Yuko mtaalamu mmoja wa misitu wa Marekani aliyeitwa Alex Shigo. Huyo alipasua miti mingi sana kwa msumeno wa mnyororo, kwa urefu wake, ili aone ndani jinsi mti unavyojilinda. Aliona kwamba mti hauponi jeraha kama ngozi ya mtu inavyopona. Unajenga ukuta kuzunguka sehemu iliyoharibika ili uozo usiendelee, kisha unaota mti mpya juu yake. Uvimbe ule una kazi kubwa katika kujenga ukuta huo. Ukiukata umeibomoa boma ya mti. Na rangi haizuii kuoza. Kwa hiyo fedha ya rangi nunua tupa ya kunolea.

Msindano ukishaondolewa matawi makavu, watu wengine wanaona raha, wanaendelea na mabichi mpaka mti unabaki na kishungi kama cha kuku. Hapana. Nusu ya urefu wa mti, kwa uchache, ibaki na matawi ya kijani. Hayo ndiyo mapishi yake.

Na kama ni lazima kupanda ngazi? Mimi ningesema tafuta fundi mwenye kamba na mkanda. Lakini najua wengine mtapanda tu, basi nisikilizeni. Ngazi iegemee shina, isiegemee tawi. Watu hucheka habari ya mtu aliyekata tawi alilolikalia. Lakini nimemkuta mtu mzima, mwenye akili zake, ameegemeza ngazi kwenye tawi lile lile analolikata. Funga ncha ya juu ya ngazi kwenye shina kwa kamba. Miguu yake ikae mahali pagumu, na mtu aishike. Gusa tawi la kushika kwa nyuma ya msumeno kabla hujalishika. Zima linatoa sauti nzito, lililooza linatoa sauti tupu. Ukiwa na shaka, lihesabu kuwa limekufa. Na mti uliokauka wote, kuanzia juu mpaka chini, usipandwe na mtu yeyote, hata fundi.

Kabla ya yote hayo, zunguka mti taratibu. Tafuta matundu, nyuki hupenda kukaa humo. Tafuta uyoga mgumu ulioota kwenye shina kama rafu ya ukutani, maana ni alama ya kuoza ndani. Tafuta hasa tawi lililokwisha kuvunjika na kuning'inia juu ya matawi mengine. Hilo halijafungwa na kitu. Linangoja upepo. Usilifanyie kazi chini yake hata dakika moja. Funga kipande cha mti kwenye kamba nyembamba, kirushe kipite juu yake, uvute ukiwa mbali. Kama tawi liko juu hatua 6, wewe uwe mbali hatua 12 au zaidi. Usiizungushe kamba mkononi mwako. Na penye nyaya za umeme usirushe kamba, usiinue mwanzi, usiegemeze ngazi. Mwanzi mbichi au uliolowa hupitisha umeme. Peleka habari TANESCO, wao waje na watu wao.

Nimesema mengi juu ya kukata, lakini kazi ngumu kuliko zote kwangu haikuwa kukata. Ilikuwa kumshawishi mzee mmoja.

Mzee huyu ana milingoti mirefu, ilipandwa na baba yake kandokando ya njia ya kwenda shule. Miwili imekauka. Nilikwenda kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bwana Shamba. Umekuja kwa viazi au kwa miti?"

Nikajua kwamba habari imeshamfikia. Nikamweleza kuhusu watoto wanaopita asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miti hii ilipandwa na marehemu baba. Haijamgusa mtu hata siku moja. Na matawi yanayoanguka ni kuni za bibi yako. Ukiikata, nani atamletea kuni?"

Swali lake lilikuwa la haki. Sikuwa na jibu siku ile. Mtu anayemwambia mwenzake akate mti, halafu hajui kuni zitatoka wapi, hajafanya kazi yake. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda na mwenyekiti wa kitongoji na wazazi wawili. Tukapatana kwamba wazazi watachanga ujira wa mwenye msumeno wa mnyororo, na kuni zote zibaki kwa mzee, zipasuliwe na kupangwa jikoni kwa bibi. Njia ikafungwa Jumamosi moja. Mti wa kwanza uliangushwa kutoka chini, kwa kamba, bila mtu kupanda.

Shina lilipolala tukaona kuwa ndani ni tupu kama mzinga. Mchwa walikuwa wamejaza udongo mpaka juu ya kichwa cha mtu. Sehemu nzima iliyobaki ilikuwa nene kama kiganja tu. Mzee aliingiza fimbo yake ndani ya tundu, akaizungusha, akaitoa. Hakusema neno. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi akinisalimia alinisalimia kwa ufupi. Sikumlaumu, ulikuwa mti wa baba yake.

Mlingoti wa pili hajaukubali bado. Anasema ule ni mzima ndani. Labda ni kweli. Sasa watoto wanapita ng'ambo ya korongo, wanazunguka kidogo, na mwalimu mkuu anawasimamia. Nitakwenda tena kwake baada ya mavuno.

Limebaki jambo la matawi yaliyoangushwa. Usiyaache chini ya miti. Kuanzia mwezi wa saba majani yanakauka, na moto wa huku kwetu ukikuta lundo la matawi makavu kwenye mashina unapanda juu, na shamba zima linakwisha mchana mmoja. Yatoe nje, upande wa ndani wa barabara ya kuzuia moto, lakini yasiizibe barabara yenyewe. Manene yawe kuni. Membamba na majani yatandaze mbali na mashina yaoze, au kinga nayo udongo kwenye mteremko. Waambie akina mama wa jirani siku utakayomaliza, ili waje kuchukua kuni chini badala ya kuvuta matawi juu kwa ndoano. Na wakija, waulize ni mti gani unaoangusha matawi mara nyingi. Wao hupita chini ya miti hiyo kila wiki na mizigo kichwani, na watakuonyesha kwa kidole.